Uzi: Mwanangu asiyeona yuko fomu wani shule ya kawaida, kila kipindi cha michezo analindishwa mabegi

Mama Kulwa wa Mwaloni (11 Februari, saa 4:12 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, nacheka na nyie, nanuna na nyie, sijawahi kuandika. Leo limenifika shingoni. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kuandika si kazi yangu, nikiruka mistari mnivumilie.

Nina mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. (Msihangaike kunitafuta kwa majina hayo, huku Usukumani mapacha wote ni Kulwa na Doto.) Doto anaona. Kulwa alizaliwa na presha ya macho, tukahangaika naye Bugando, akafanyiwa upasuaji, lakini alipofika miaka sita mwanga ulikuwa umeisha. Nilishalia, nikamaliza. Shule ya msingi alisoma bweni, mbali na hapa, shule yenye kitengo cha wasioona. Huko alijifunza nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa kupapasa na vidole), kutembea na fimbo nyeupe, kufua, kutandika, mpaka kusonga ugali. Doto akasoma hapa hapa Mabatini. Miaka saba walikutana likizo tu.

Mwaka huu wote wameingia fomu wani, shule moja ya kutwa hapa mjini. Jina naliacha. Nilizunguka ofisi nyingi kuomba wawe pamoja, na kwa kuwa shule ile ina mwalimu mmoja anayesoma nukta nundu, nikaona Mungu kajibu. Kimasomo sina lalamiko.

Alhamisi iliyopita nikapita shuleni kupeleka karatasi ngumu za kuandikia nukta. Kilikuwa kipindi cha michezo. Uwanja mzima makelele, na chini ya mwarobaini namwona mwanangu peke yake, kazungukwa na mabegi, si chini ya arobaini. Baba, unafanya nini hapa? "Nalinda mabegi." Tangu lini? "Tangu tufungue."

Nikamfuata mwalimu. Hakunijibu vibaya, tena kwa upole kabisa: "Mama, tunamwepusha asije akaumia." Nikaja kugundua hayumo kwenye orodha ya usafi, hachoti maji, hakimbii mchakamchaka, hata kusimama kujibu swali anaambiwa "wewe kaa tu". Wenzake si wabaya. Wakipita wanamsalimia, "Kulwa mambo!" Yeye anageuka, "poa, vipi?", na aliyemsalimia keshafika kantini.

Usiku nikamuuliza Doto, mbona huchezi na ndugu yako? Akaniangalia, akasema, "Mama, mimi nimechoka kuwa fimbo." Nikamfokea. Halafu sikulala.

Sitaki pole. Pole ninazo za kuanika kama dagaa. Nauliza wenye ujuzi: mtoto kama huyu anapataje marafiki? Wasaidizi anao.

Ngosha wa Buzuruga (12 Februari, saa 1:05 asubuhi)

Mwangaluka mayu. Pole sa... basi, umezikataa. Mimi sijui kupamba maneno: mrudishe kwa wenzake. Darasa la fomu wani mjini hapa lina watoto sabini na ushee, mwalimu hata wanaoona hawajui wote majina. Kule shule maalumu angeweza hata kuwa kaka mkuu. Halafu huyo aliyemweka asiyeona kuwa mlinzi, mizigo ikiibiwa atamwomba shahidi aeleze mwizi alivaaje? 😂😂😂😂😂😂 Nisameheni.

Mama Kulwa wa Mwaloni (12 Februari, saa 1:30 asubuhi)

Ngosha, umenichekesha na mimi, sikuwa nimeliona hivyo. Kuhusu kumrudisha: kule alikuwa na marafiki kumi na mmoja, wote wasioona, na anawapenda mpaka leo. Lakini akija likizo hapa mtaani hakuwa na hata mmoja. Atapanga nyumba kwa hawa hawa, atakopa duka kwa hawa hawa, na akioa ataoa kwao. Nataka aanze sasa.

TichaNukta (12 Februari, saa 2:40 usiku)

Mama Kulwa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nilisomea Patandi, niko wilaya ya ng'ambo ya Busisi. Nimesoma uzi wako darajani hapo Kigongo nikiwa kwenye gari, nikasema nikifika naandika.

Kwanza, nenda na orodha ya zamu. Usianze na michezo. Mtoto aliyesamehewa kufagia, wenzake wanamhesabu mgeni, na mgeni hagombani na mtu wala hataniwi. Kufagia anaweza, mradi eneo lake lina mpaka wa kugusika, mfano kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi. Ndoo ya maji anabeba akishafundishwa njia. Mchakamchaka ni kipande cha kitenge, huyu ashike ncha hii na mwenzake ile. Wakimbiaji wasioona mpaka kwenye Paralimpiki wanakimbia wameunganishwa kwa kamba fupi na kiongozi.

Pili, darasa lifundishwe mambo mawili, dakika kumi zinatosha. Ukimsalimia taja jina lako: "Kulwa, ni Masanja hapa." Na ukiondoka sema unaondoka, asibaki anaongea na ukuta. Ule mchezo wao wa "haya nitambue mimi nani" ufe kabisa, kwa mtoto unachosha kama mtihani wa kila saa.

Tatu, ile mashine yake ya nukta nundu. Ina vitufe vichache tu lakini ina uzito wa karibu kilo 5 na inapiga kelele kama mashine ya kushonea viatu. Wenzake wakinuna wana haki. Mwekee khanga iliyokunjwa au kipande cha zulia chini yake.

Nne, mtihani wa kwanza ukifika atasikia maneno. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani, mtahiniwa asiyeona anaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Watoto wataona anapendelewa. Mwalimu awape wajaribu kusoma mstari mmoja tu wa nukta kwa kidole, watanyamaza wenyewe.

Na hapo ndipo penye utamu. Mwache Kulwa awafundishe wenzake kuandika majina yao. Louis Braille alikuwa kijana wa miaka 15 tu mwaka 1824 alipopanga hizi nukta sita, umri wa fomu wani wenzake. A ni nukta moja, B mbili, K ni ya kwanza na ya tatu. Wakitumia kibao na kalamu ya kutobolea wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume, kwa sababu nukta zinatokeza upande wa pili. Watoto wanapagawa. Ndani ya wiki mbili watakuwa wanaandikiana vikaratasi ambavyo mwalimu hawezi kuvisoma. Siwaambii walimu wenzangu kwamba nimeshauri hivyo.

Niongeze kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kazi nilikuta kwenye kijitabu cha Kizungu kwamba asiyeona aelekezwe sahani kwa mishale ya saa. Kimeandika nyama ikae "12", maana yake juu. Nami nikamwambia mtoto, nyama iko saa kumi na mbili. Sasa kwa saa yetu Waswahili mshale ukiwa juu ni saa sita, saa kumi na mbili iko chini! Mtoto kapeleka mkono chini, kakuta ugali, kapeleka tena, ugali. Akaniambia, "Mwalimu, mimi saa ya ukutani sijawahi kuiona. Niambie nyama iko upande wa dirisha." Tangu siku hiyo namuuliza mtoto kwanza.

Nansio Kwetu (13 Februari, saa 11:50 alfajiri)

Nadandia uzi wako dada, usikasirike. Mimi niko Ukerewe, binti yangu ana ualbino, anaona lakini kwa shida. Nyie mna fimbo nyeupe, watu wanajua. Wangu hana alama hiyo. Asubuhi anasoma kitabu amekibandika puani, mchana anapishana na rafiki yake hatua tano hamsalimii, basi kesho yake "anaringa". Akikwaa jiwe, "anajifanya". Jua likiwaka macho yanacheza, hawezi kuyatuliza, wanasema anadharau watu akiongea nao. Na kofia pana wanamwambia si sare.

Kofia nimeipigania, wameiruhusu. Kiti cha mbele amepewa, ila kile cha karibu na dirisha nikakikataa, mwanga ule unamuumiza. Hiyo ya kuringa ndiyo imenishinda.

TichaNukta (13 Februari, saa 7:15 mchana)

Kaka wa Nansio, mfundishe binti aseme mwenyewe, mara moja, mbele ya darasa, kwa mdomo wake: "Mimi nikikupita bila salamu sijakuona. Niite." Mzazi au mwalimu akimsemea inakuwa tangazo. Akisema yeye inakuwa habari yake.

Mzee wa Fimbo Nyeupe (13 Februari, saa 3:20 usiku)

Nawasalimu. Mimi sioni tangu utoto, nimeajiriwa hapa hapa Mwanza, nina mke na watoto wanne. Uzi huu nasomewa na simu kwa TalkBack, kwa hiyo yule Ngosha wa Buzuruga ajue kwamba vikatuni vyake sita vya kucheka nimesomewa kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho.

Mama Kulwa, mwalimu amesema vizuri, lakini amesema habari za shule na za wenzake. Nami nitasema habari za Kulwa, maana huyo hajaulizwa. Yatakuchoma kidogo.

Je, anajitikisa akiwa amekaa? Anabonyeza macho kwa vidole? Akiongea na mtu anainamisha kichwa au anageuzia sikio badala ya uso? Wengi wetu tuliokosa kuona tangu utotoni tunakuwa na mambo hayo, na shule ya wasioona hakuna wa kuyaona. Anayeona anayaona, anaogopa, anakaa mbali, na kwa adabu hasemi. Mimi nilijitikisa mpaka fomu thrii. Aliyeniambia ni binti mmoja wa darasani, kwa hasira: "Wewe mbona unapepesuka kama mlevi?" Nilikasirika wiki nzima. Mpaka leo namshukuru. Nani anamwambia Kulwa kwamba shati lake lina doa, kwamba kola imegeuka? Kama hakuna, basi hana rafiki bado, na wewe mama ndiye uanze. Mwambie kama unavyomwambia Doto, bila sauti ya msibani.

La pili. Rafiki ni wa kuongea naye kitu. Mimi nilisoma sekondari ya bweni miaka ya tisini, na bweni letu redio ilikuwa moja, yangu, ya betri mbili. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, wakatoka sare na Stella Abidjan kule kwao, halafu wakaja kufungwa 2 hapa Dar es Salaam, mimi ndiye niliyewatangazia bweni zima, sikio kwenye redio, mdomo kwao, dakika tisini. Walinizunguka mpaka joto. Hakuna siku niliyolia na watu wengi kama ile. Jumatatu yake nilikuwa mtu mwingine shuleni. Sasa hivi watoto wanabishana Simba na Yanga kutwa, ubishi hauhitaji macho. Mpeleke Kirumba uwanjani Pamba Jiji ikicheza nyumbani, redio sikioni, akae katikati ya wapiga kelele. Arudi na matusi mawili matatu mapya, ndiyo ukubwa.

La tatu, mtengenezee bao la drafti. Mnajua drafti yetu ya vijiweni: wewe vifuniko vya soda kumi na viwili vimelala, mimi kumi na viwili vimeinuka mdomo. Hakuna mtu aliyeutengeneza mchezo ule kwa ajili yetu, lakini mkono unajua kete ya nani ni ipi bila kuuliza. Kinachotushinda ni kete kuteleza tukizipapasa. Fundi seremala achimbe vile visanduku vinavyochezewa, kina cha nusu kidole tu. Basi. Hapo Kulwa hasaidiwi na mtu, tena anayeona ndiye atakuwa na kazi.

Dada wa Igoma (14 Februari, saa 6:30 mchana)

Mzee shikamoo. Nimekuja na upande ambao haujasemwa, wa Doto.

Nilisoma na msichana asiyeona, fomu wani mpaka fo. Mwalimu wetu alikuwa na nia njema, akapanga ratiba ukutani ya kumwongoza: Jumatatu fulani, Jumanne fulani. Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa tunaambizana "leo ni zamu yako ya kipofu", naye anasikia. Alikuwa anasikia kila kitu. Mpaka leo nikikumbuka najificha uso. Basi mpeni Kulwa zamu, ila yeye mwenyewe msimfanye zamu ya watu.

Sisi wawili tulikuja kuwa marafiki kwa sababu tulichelewa wote, tukafungiwa geti, tukakaa nje tunawasema walimu. Hapo ndipo nilipomuuliza nimshike vipi. Kumbe miaka yote tulikuwa tunamsukuma kwa nyuma kama toroli! Akanionyesha: yeye ndiye anashika mkono wangu, juu ya kiwiko, anakuwa nusu hatua nyuma, mwili wangu unamwambia kuna ngazi au shimo. Na mitaro ya mji huu haina vifuniko, mnajua wenyewe.

Doto mwache apumue. Ikiwezekana wakae mikondo tofauti. Mapacha wanaoona nao huwa wanachokana.

Ngosha wa Buzuruga (14 Februari, saa 1:10 usiku)

Mzee wa Fimbo nimepokea karipio, leo siweki kikatuni hata kimoja. Mayu, mimi nabadili msimamo nusu. Mwambie kijana asome sana, kuna Amon Mpanju, mwanasheria, haoni, na alifika kuwa Naibu Katibu Mkuu wizarani. Atawaonyesha.

Mzee wa Fimbo Nyeupe (14 Februari, saa 2:00 usiku)

Mpanju namheshimu sana. Lakini mtoto wa fomu wani saa ya chai hatafuti unaibu katibu mkuu, anatafuta wa kugawana naye kiazi.

Mama Kulwa wa Mwaloni (24 Machi, saa 4:45 usiku)

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, dagaa walikuwa wengi, mwezi ulikuwa giza.

Nilichapisha maneno yenu stationari nikampelekea mwalimu wa darasa. Alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Wiki iliyofuata Kulwa akaingizwa kwenye usafi, kutoka ukutani mpaka ngazini kama mlivyosema. Siku ya kwanza alipomaliza, binti mmoja akachukua ufagio akarudia pale pale. Kulwa kasikia. "Umeona uchafu wapi?" Binti kababaika. "Nionyeshe." Akamshika mkono akamgusisha majani chini ya ngazi. Kumbe yalikuwepo! Wakagombana nani hakufagia vizuri mpaka kengele. Ni Doto aliyenisimulia, kwa masikitiko. Mimi nilikaribia kupiga vigelegele.

Doto alihamishiwa mkondo B. Sitawadanganya, wiki ile ilikuwa mbaya. Kulwa bila ndugu yake alipotea akaingia choo cha wasichana. Wakamcheka siku nne. Siku ya tano akasema tumbo linauma, haendi. Nikamwekea mkono kwenye paji la uso, hana homa, nikajua. Nilitaka kumwacha alale. Halafu nikakumbuka ule mstari wa sauti ya msibani, nikamwambia: kola imegeuka, tengeneza, twende. Tulishuka zile ngazi za mawe za Mabatini hatuongei. Njiani akaniambia, "Mama, mimi najitikisa?" Nikamwambia ndiyo baba, unajitikisa. "Mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu.

Tulijaribu na mpira wa kengele, haukufaulu. Tulishona chandimu la matambara na vifuniko vya soda tumboni, lakini ule uwanja una kelele kuliko soko, hausikiki hata ukiupiga kichwani. Siku ya pili ukapasuka.

Bao la drafti, hapo Mzee wangu Mungu akuweke. Fundi wa hapa mtaani kachimba visanduku kwa shilingi elfu 12 (alianzia ishirini). Kulwa kalibeba. Siku mbili kakaa nalo mwenyewe chini ya mwarobaini. Ya tatu kijana mmoja machachari akaja, ni Masanja hapa, akasema nipe moja. Kafungwa. Nipe nyingine. Kafungwa tatu mfululizo mbele za watu, na Kulwa ana ulimi mbaya akishinda, hilo sikulijua. Alhamisi iliyofuata kulikuwa na foleni.

TichaNukta (25 Machi, saa 12:20 jioni)

Mama, mpira wa sauti ni lazima ukimya. Kuna mchezo unaitwa goliboli, ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Watu watatu kila upande, mpira una kengele na unaviringishwa chini, wachezaji wote wanafungwa vitambaa usoni, na watazamaji hawaruhusiwi kupiga kelele mpira ukiwa mchezoni. Mistari ni kamba iliyobandikwa utepe juu, unaigusa kwa mguu. Chumba kimoja cha darasa kilichotolewa madawati kinatosha kwa kuanzia. Wanaoona wakifungwa vitambaa vile ndipo utajua nani mchezaji. Mwambie mwalimu wa michezo ajaribu siku ya mvua, uwanja ukiwa matope.

Nansio Kwetu (25 Machi, saa 2:05 usiku)

Binti yangu alisema mbele ya darasa. Sauti ilitetemeka, alisema hivyo mwenyewe. Sasa wanamwita majina kutoka ng'ambo ya uwanja mpaka walimu wanalalamika makelele.

Mama Kulwa wa Mwaloni (19 Juni, saa 3:33 usiku)

Wakuu, wamefunga shule, nina muda. Alama za Kulwa ni za katikati tu, Hisabati imemwangusha. Tutashughulika.

Nukta zimesambaa kama alivyotabiri Ticha. Wasichana wa safu ya nyuma ndio hodari. Mwezi wa tano mwalimu wa nidhamu alikamata kikaratasi chenye vitundu, akakipeleka kwa yule mwalimu wa nukta nundu, pekee anayeweza kukisoma, asome mbele ya darasa zima. Mwalimu kapitisha kidole taratibu, kakikunja, kakitia mfukoni, akasema, "Ni hesabu." Sijui kilisema nini na Kulwa hataki kuniambia, ila aibu ilimjaa usoni.

Sasa nisikilizeni hili. Wiki mbili kabla ya kufunga, Kulwa na wenzake watatu walikamatwa wanacheza drafti wakati wa kipindi, nyuma ya stoo. Mwalimu wa nidhamu akawapa wale watatu adhabu ya kujaza pipa la jikoni maji, akamwambia Kulwa, "Wewe nenda darasani, kaa." Masanja akapaza sauti: "Mwalimu, huyo ndiye mwenye bao! Ndiye aliyetuita!" Mwalimu kaduwaa. Kabla hajajibu Kulwa alishaanza kupapasa ndoo. Wamechota mpaka saa tisa. Alirudi nyumbani suruali imelowa mpaka magotini, ananuna, anamlaani Masanja kwa kumchongea, na kesho yake wakaenda naye shule pamoja.

Doto anacheza mpira mkondo B, na jioni ndiye anayemwomba ndugu yake amfundishe drafti. Hajashinda hata moja.

Ngosha wa Buzuruga (19 Juni, saa 3:58 usiku)

Mayu, wewe na mwanao mnanitoa machozi hapa stendi. Swali moja tu la kiusalama: mabegi siku hizi analinda nani?

Mama Kulwa wa Mwaloni (19 Juni, saa 4:06 usiku)

Nilimuuliza Doto hilo hilo. Hakuna mtu. Wiki ya mwisho wameibiwa mikebe miwili ya hesabu na kiatu kimoja.